Mbegu Iliyolala Barafuni

Mume wangu hajawahi kuizoea harufu ya friji yetu. Kila akiifungua kutafuta maziwa hukunja pua, kisha hunitazama kama mtu aliyegundua baada ya harusi kwamba ameoa ukoo wenye wazimu. Siku hizi hanung'uniki. Anajua kwamba chini kabisa, nyuma ya chupa ya achari, kuna kikombe cha bati chenye vitunguu saumu, na kwamba kikombe hicho hakiguswi mpaka mvua za Machi zikaribie. Mimi harufu ile ikinifikia, siko tena jikoni kwangu. Niko Nsambya, kwenye nyumba za polisi, nina miaka tisa au kumi, na mama yangu amepiga magoti kwenye udongo mwekundu mbele ya mwanamke mkimbizi, mchana kweupe, majirani wakiona.

Ili mwelewe kwa nini magoti yale yalinitisha kuliko bunduki ya baba, lazima kwanza nimweleze mama.

Baba alikuwa polisi, Mlugbara wa Arua. Mama alikuwa Mwacholi wa Kitgum. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo walitongozana kwa Kiswahili cha kambini, wakagombana kwa Kiswahili hicho hicho, na sisi watoto tukazaliwa ndani yake. Mama alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya reli. Kwao wanawake hupiga magoti wakisalimu wakubwa, na pale Kampala tulipohamia Waganda nao hupiga magoti, kwa hiyo angeweza kuendelea tu bila kumshangaza mtu yeyote. Alikataa. Alisema magoti yake ameyaacha Kitgum siku alipopanda basi, na anayeyataka ayafuate huko. Hata mke wa mkubwa wa baba alimsalimu akiwa amesimama wima, mkono kiunoni. Baba alikuwa akijifanya anafunga kamba za viatu ili asione.

Kitu alichokipenda mama baada ya sisi, na siku nyingine kabla ya sisi, kilikuwa friji. Ilikuwa ya mtumba, ya afande mmoja aliyehamishwa, na hapakuwa na nyingine katika mstari wetu wa nyumba. Ilikaa sebuleni kama mgeni wa heshima, imefunikwa kitambaa cha kufuma kichwani. Juu ilikuwa na friza, na humo mama aligandisha juisi ya matunda ndani ya vikaveera, vile vifuko vidogo vya plastiki, akawauzia watoto wanaotoka shule. Ukiacha mlango wa friji wazi ukawa unafikiri utakunywa nini, ulipigwa kofi kabla hujamaliza kufikiri.

Chini kidogo, nje ya ua wa kambi, katika chumba kimoja cha kupanga, alikaa Mama Zawadi. Alikuwa Mkongo wa milima ya Lubero, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kutembeza vitenge kichwani tangu asubuhi, na binti yake Zawadi alikuwa rafiki yangu. Mlangoni pake lilisimama gunia lililojaa udongo, na ndani ya gunia aliotesha vitunguu saumu. Sisi tulidhani ni bustani ya mboga kama za watu wengine. Haikuwa hivyo. Zawadi alinieleza, kwa sauti ya mtoto anayeonya mtoto mwenzake, kwamba vile havikuwa chakula. Kwao mama humpa binti mbegu ya vitunguu saumu siku ya kuolewa, imefungwa kwenye ncha ya kitenge, naye mama huyo alipewa na mama yake, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka kwa wanawake ambao hakuna anayekumbuka majina yao. Mbegu hiyo hainunuliwi sokoni. Ikimfia mtu, huenda kuomba kwa dada yake. Mama Zawadi alipokimbia vita, hiyo ndiyo aliyoifunga kwenye nguo, na dada zake hakujua tena wako wapi, kama wako.

Sasa mbegu ile ilikuwa inakufa. Kampala ina joto. Vitunguu viliota majani mazuri, lakini ukiving'oa unakuta chini kijitunguu kimoja cha mviringo, hakijagawanyika punje, na kila msimu kilikuwa kidogo kuliko cha msimu uliopita. Mama Zawadi alikuwa na ile akiba aliyotoka nayo Lubero, akaongezewa kidogo na mtu wa kwao aliyepita, na alijua kwamba akiipanda tena kwenye joto atabaki na majani matupu. Ndipo akaja kwetu, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama Ayikoru," alimwambia mama, maana Ayikoru ndiye mimi, "hii mbegu inalilia baridi. Kwetu asubuhi unatoka inje, unaona moshi inatoka mu kinywa. Huku inalala na joto, haiwezi kuzaa. Niko nakuomba fasi kidogo mu frigo yako. Mpaka mvua."

"Leta tu," mama akasema. "Baridi ndiyo wewe nataka? Mimi nitakupa baridi mpaka wewe nachoka."

Akaleta kifurushi chake, kimefungwa kitenge cha bluu, akakiweka mikononi mwa mama kwa mikono miwili, akaenda zake. Na hapo ndipo kosa lilipofanyika, kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya, ila mtu mwenye friji moja katika mstari mzima na moyo wa kutaka kuonyesha kazi yake. Mama Zawadi alimaanisha chini, kwenye ubaridi wa maziwa. Mama alitazama chini, akatazama juu, akaona chini ni pa mchezo.

"Kijiko moja ya dawa naponya kidogo," alisema. "Vijiko tatu naponya kabisa." Akakitia kifurushi kwenye friza, katikati ya juisi.

Wiki ile ile biashara iliingia matata. Mtoto mmoja wa nyumba za reli alinyonya barafu yake, akasimama, akaitazama, akauliza kwa adabu kama leo mama ameweka mchuzi. Mwingine alirudisha yake ikiwa nusu. Mama alifunga kifurushi kaveera moja, akaongeza ya pili, akaongeza na gazeti, lakini harufu ya vitunguu vya Lubero haikuwa ile ya vitunguu vya dukani, vikubwa, vyeupe, visivyosema lolote. Ilipita. Tuliuza barafu yenye kitunguu saumu msimu mzima, na sisi wenyewe tukizila zilizokataliwa tulipiga mbweu hadharani kanisani. Lakini mama hakukitoa kifurushi. Amana ni amana, alisema.

Alisema hivyo, ilhali mimi nilikuwa nimeshamwona akikifungua.

Baba alikuwa kazini Karamoja kwa miezi mingi, na siku hiyo alikuwa anarudi. Mama alikuwa amenunua samaki, ngege mkubwa, ameshasuka nywele, ameosha sakafu mara mbili. Hiyo ilikuwa siku ile ile kifurushi kilipoletwa, hata barafu ilikuwa haijakikamata. Alilifungua fundo, akachomoa kitunguu kimoja kizima, chenye ngozi ya zambarau, akafunga tena. Aliniona nikimwona. "Ni moja tu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, kitu kigeni kwake. Nusu ya punje alizitwanga, akakaanga. Nusu nyingine akazitia kwenye kikombe cha bati cha baba, akakisukuma nyuma kabisa kwenye rafu ya chini ya friji, nadhani kwa ajili ya mchuzi mwingine.

Jamani, mchuzi ule. Harufu ilitoka jikoni, ikapita uani, ikateremka mpaka kwenye vyumba vya kupanga. Baba alikula mpaka akalamba mfupa, akasema kwa Kilugbara maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa na wote tukayaelewa. Asubuhi yake Mama Zawadi alipita na vitenge vyake, macho yamevimba kidogo, akatusalimu kama kawaida. Mama alimjibu haraka mno. Kile kikombe hakukigusa tena, wala hakutupa vilivyomo.

Mwezi wa tatu mbingu za Nsambya zikaanza kunguruma mchana. Mama Zawadi hakuwa na haraka. Aligeuza udongo wa gunia lake, akachanganya na samadi ya kuku, akangoja mvua ya kwanza ipite na ya pili ije, maana kwao mvua ya kwanza huitwa ya kudanganya. Kisha, asubuhi moja yenye jua, akaja kuchukua mbegu yake. Mama alikitoa kifurushi kwenye friza kwa fahari. Vitunguu vilipovunjwa na punje kumwagwa kwenye beseni, zililia kama mawe. Zilikuwa nzuri! Zina umande mweupe, ngumu, zinang'aa.

Mama Zawadi alishika moja, akaigonga kwenye ukingo wa beseni. "Mbona imekuwa jiwe?"

"Baridi," mama akasema. "Kama wewe liomba."

Wanawake wakakusanyika, na kila mmoja akawa bwana shamba. Mmoja akasema zipandwe hivyo hivyo na barafu yake, zisije zikashtuka. Mwingine akasema hapana, zipumzike kivulini mpaka kesho, hata mtu akitoka baridini hapewi kazi siku hiyo hiyo. Mke wa koplo akasema zioshwe kwa maji ya vuguvugu. Mama Zawadi hakumsikiliza mtu. Aliteremka na beseni, akakaa nalo mapajani mlangoni pake, akangoja zirudiwe na uhai.

Mimi na Zawadi tulikuwa tumechuchumaa karibu, kwa hiyo tuliona kila kitu. Kwanza punje zikatoa jasho. Kisha umande ukaondoka na rangi ikabadilika, kutoka weupe wa jino kuwa kama mafuta ya taa, unaona mpaka ndani. Kisha zikaanza kulala, moja juu ya nyingine, kama nguo. Mama Zawadi akachukua moja kati ya vidole viwili, akaibonyeza taratibu sana, na ile punje ikapasuka. Maji ya njano yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akachukua nyingine. Ikapasuka. Akachukua nyingine.

"Banange!" mke wa koplo akashika kichwa.

Nilikuwa nimeona watu wakipigwa, nimeona nyumba ikiungua upande wa reli, lakini sikuwahi kuona kitu kikifa mkononi mwa mtu namna ile, kimyakimya, katika jua zuri. Mama Zawadi hakupiga kelele. Alifuta mikono kwenye kitenge chake, akafuta tena, akafuta tena, kama maji yale hayatoki.

"Imezimika," alisema. Alisema kama mtu anayezungumzia moto wa jikoni. "Mama, imezimika kwangu." Hakuwa anaongea na mama yangu. Alikuwa anaongea na wa kwake, aliyembakiza Lubero.

Mama yangu alikuwa amesimama palepale. Kwanza alitetea friji. "Friji ni mzima! Barafu ni mzuri! Kila siku nagandisha juisi!" Nilimwona akitazama beseni, halafu mikono ya Mama Zawadi, halafu nyumba yetu. Akageuka, akapanda kwenda ndani, nami nikamfuata kwa sababu sikujua pa kwenda.

Nilimkuta mbele ya friji, mlango wazi. Baridi yote ilikuwa inamwagika miguuni pake, naye hakuona. Mkononi alikuwa na kikombe cha baba. Alikuwa anakitazama kama mtu aliyeshika kitu cha moto asijue pa kukitua. Sikuelewa wakati ule kwamba pale alikuwa na njia mbili. Angeweza kuurudisha mlango tu. Hakuna mtu duniani aliyejua habari za kikombe kile ila mimi, na mimi nilikuwa mtoto wake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kambini, mahali ambapo ukiitwa mwizi asubuhi, kufika jioni hata mbwa wanajua.

Akatoka na kikombe. Akashuka mpaka mlangoni pa Mama Zawadi, wanawake wakampisha, na mama yangu, yule aliyeacha magoti Kitgum, akapiga magoti yote mawili kwenye udongo. Nilihisi kama mtu kanivua nguo.

"Mama Zawadi," alisema, na sauti ile ya ng'ambo ya reli ilikuwa haipo. "Mimi ni mwizi. Liniamini, mimi liiba. Bwana yangu likuwa narudi, mimi lichukua moja, lipika samaki. Hii ndiyo libaki. Hii mimi liweka chini, haikuwa na barafu. Nisamehe, dada yangu."

Kule bondeni treni ya mizigo ilikuwa ikikokota mabehewa. Mke wa koplo alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Mama Zawadi alitazama uso wa mama. Kisha akatazama ndani ya kikombe, na uso wake ukabadilika kiasi kwamba nilirudi nyuma, nikidhani atampiga.

Ndani ya kikombe, kila punje ilikuwa imara, na kila moja ilikuwa imetoa ncha ya kijani, fupi, kali kama ya kalamu.

Akamnyang'anya. "Unapiga magoti ya nini?" alipiga kelele. "Simama! Hii inapandwa leo, inapandwa sasa! Imeisha amka, ukiichelewesha inarudia kulala na haiamuki tena. Leta maji!"

Mama yangu akainuka na matope magotini, akakimbia. Nasema akakimbia. Akarudi na jeri-keni zima la maji, akamwagia mpaka akazuiwa. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo hakuna mtu mwenye akili hupanda kitu, na wale wanawake wawili walikuwa wameinamia gunia moja, vichwa vinagongana, wakibishana kina cha shimo kwa Viswahili viwili tofauti.

Vitunguu vilipong'olewa, katikati ya mwaka, Mama Zawadi alikitikisa udongo kitunguu cha kwanza akakigeuza. Kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa kimegawanyika, punje zimeshikana kama vidole vya mtoto. Akalia. Mama akalia pia, kwa kelele. Kimoja Mama Zawadi akakifunga kwenye ncha ya kitenge, akampa mama kwa mikono miwili. "Sasa na wewe ni binti," akasema. Ndiyo mbegu iliyo kwenye friji yangu leo. Mama alinipa siku niliyoolewa.

Lakini mama hakula kitunguu saumu tena maisha yake yote. Alikipanda, alikihifadhi kwenye rafu ya chini ya friji, alikitoa siku ya kukipanda na si siku moja kabla, ila chunguni kwake hakikuingia. Baba aliomba, akachoka. Siku za mwizi ni arobaini, mama alikuwa akisema akitania, na mimi nilicheka naye, nikidhani ni utani.

Mama Zawadi na binti yake walipata bahati ya kupelekwa nchi ya baridi, mbali. Mwaka jana, wiki tuliyomzika mama, alinipigia simu ya video. Amezeeka, ana kofia ya sufu, na nyuma yake dirishani kulikuwa na theluji. Alinipa pole, akalia, akanionyesha theluji ile na kusema huko mbegu hailalishwi mu frigo, Mungu mwenyewe anailalisha. Kisha akauliza, "Mwizi yangu, aliisha kusamehe roho yake?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia mama hakuwahi kukila tena.

Aliivua ile kofia, akaiweka mapajani.

"Ayikoru," alisema, "mimi nilijua. Tangu siku ile ya samaki. Unafikiri mutu anaweza kupika kitunguu ya mama yangu, mimi nisinuse? Nilikuwa mu nyumba, harufu ikaingia. Nikatoka inje, nikakaa ku mulango. Tangu Lubero, mimi sikuonja hata moja. Yote ilikuwa mbegu, nilikuwa naogopa kuikula. Mutoto wangu hakujua hata ladha yake. Na ile siku Kampala yote ikanuka kwetu. Jikoni ya mama yangu. Nililia mpaka asubuhi, na sikuwa na hasira hata kidogo. Nilisema, angalau mutu moja amekula."

Nilikumbuka macho yake yaliyovimba asubuhi ile, na mama akimjibu haraka mno. Walipishana hivyo, mmoja akificha aibu na mwenzake akificha shukrani, na shukrani ile haikusemwa hata pale magotini, kwa sababu kulikuwa na mbegu ya kupanda na jua lilikuwa kali. Mama yangu ameingia kaburini akijiita mwizi kwa sababu ya chakula pekee kilichomrudisha mwanamke yule kwao.

Jioni ile nilitoa kikombe kwenye friji, ingawa Machi ilikuwa mbali. Nilichagua kitunguu kimoja kizima chenye ngozi ya zambarau, nikatwanga punje zote, nikakaanga ngege. Mume wangu alisimama mlangoni akiwa ameduwaa. Alikuwa hajawahi kuona nikivipika vile vitunguu. Akaniuliza kama afunge madirisha, majirani wasisumbuke na harufu.

Nilimwambia ayafungue yote.